Mbu Hajui Kabila

Mtaani Majengo, iwe ile ya Meru au ya Embu, Mmeru, Mwembu, Mkamba, Mborana na Mswahili wameishi ukuta kwa ukuta miaka mingi. Uliza asili, kila mmoja atakutajia ukoo wake bila kusita. Damu yao, hata hivyo, haisomeki kwa mpangilio huo.

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusomea Oxford, alifuatana na msafara wa chuo hicho uliokuja Mlima Kenya. Yeye alijipa kazi ya kukusanya damu ya watu wa makabila mbalimbali nchini, akitafuta alama za kuonyesha nani ana nasaba na nani. Jambo lililomkalia kichwani ni selimundu, ile ambayo wengi wetu huiita sikoseli. Karibu na Pwani na Ziwa Victoria, wabebaji wa jeni yake walizidi asilimia 20 katika baadhi ya jamii. Nyanda za juu, hawakufika hata asilimia 1. Lugha haikueleza tofauti hiyo, wala kabila. Malaria ndiyo iliyoieleza.

Utafiti wake wa 1954 ulionyesha kwamba mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Akiirithi kwa wazazi wote wawili, huugua selimundu yenyewe. Ndiyo maana jeni hiyo utaikuta pia India, Uarabuni na Ugiriki: kote huko mbu aliua watu kwa karne nyingi. Kwa jeni hii, Mgiriki wa bondeni anaweza kufanana na Mgiriama kuliko Mgiriama anavyofanana na Mmeru, Wabantu wote wawili!

Mwaka 1972 mwanajenetiki Richard Lewontin alipiga hesabu pana zaidi, akakuta takriban asilimia 85 ya tofauti za kijenetiki kati ya binadamu zimo ndani ya jamii moja moja. Wanaokesha wakipima usafi wa ukoo wanagombania salio.

Siku hizi watu wa Pwani na wa Ziwa wamehamia miji ya mlimani, wanaoana. Wachumba wa makabila mawili yasiyosikilizana lugha wanaweza kuwa wabebaji wote wawili bila kujijua, na kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mwenye selimundu. Wazee wakimaliza kuulizana koo, waulizane pia kama vijana wamepimwa damu.