Kuichora Njia Nyeupe kutoka Ndani Yake

Anayechora ramani ya nyota huonyeshwa na anga upande iliko kila nyota, lakini haonyeshwi umbali wake, kwa hiyo nyota mbili zinazoonekana kukaribiana katika kundinyota moja zaweza kuwa zimetengana kwa mamia ya miakanuru, mwakanuru mmoja ukiwa ni umbali unaosafiriwa na nuru kwa mwaka, takriban kilomita trilioni 9.5. Juhudi za kujua Jua liko wapi katika Njia Nyeupe, galaksi ambamo Dunia nayo imo, zimekuwa tangu mwanzo juhudi za kupima umbali.

Mwaka 1785, William Herschel, aliyefanya kazi Uingereza akisaidiwa na dada yake Caroline, alichapisha mchoro wa galaksi uliotokana na kuhesabu nyota katika mamia ya maeneo ya anga. Alichukulia kwamba nyota zimetawanyika kwa usawa na kwamba darubini yake inafika ukingoni mwa galaksi, hivyo palipoonekana nyota nyingi pakahesabiwa kuwa ndipo galaksi ilipoenea mbali zaidi. Kwa kuwa hesabu zilikaribiana kila upande wa ukanda wa Njia Nyeupe, Jua liliangukia karibu na kitovu. Hesabu zenyewe zilikuwa za uangalifu mkubwa. Kilichompoteza ni vumbi lililotanda kati ya nyota, ambalo huizuia nuru ya nyota za mbali, na ambalo athari yake ilithibitishwa na Robert Trumpler mwaka 1930 tu. Vumbi hilo huonekana hata kwa macho matupu: katika jioni za Julai na Agosti, mtu aliye Tanzania au Kenya, mbali na taa za mji, huiona sehemu pana na angavu ya Njia Nyeupe juu sana angani, katika kundinyota la Mshale, ikiwa imekatwa na mabaka meusi ambayo si mapengo yasiyo na nyota bali ni mawingu ya vumbi yaliyokifunika kitovu chenyewe.

Umbali wa nyota hupimwa kwa paralaksi, yaani kuhama kwa nyota iliyo karibu mbele ya nyota za mbali kadiri Dunia inavyolizunguka Jua, kama kidole kilichonyooshwa mbele ya uso kinavyoonekana kuhama kikitazamwa kwa jicho moja kisha kwa lile jingine. Friedrich Bessel alitangaza kipimo cha namna hiyo mwaka 1838 kwa nyota 61 Cygni, ambayo paralaksi yake ni takriban theluthi moja ya sekunde ya tao, na sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja. Pembe hiyo ni ndogo mno, ilhali nyota yenyewe iko umbali wa miakanuru 11 tu.

Kwa umbali mkubwa zaidi ilihitajika njia nyingine, nayo ilifunguliwa na Henrietta Leavitt, aliyeonyesha mwaka 1912 kwamba nyota za aina ya Kefeidi, ambazo mwangaza wake hupwa na kujaa kwa mpangilio, huwa na mwangaza halisi mkubwa zaidi kadiri mzunguko wake unavyorefuka; mwangaza halisi ukijulikana, kufifia kwa nyota hufichua umbali wake. Kwa nyota geugevu za namna hii, Harlow Shapley alipima vishada vya nyota vyenye umbo la tufe, na kufikia 1918 akaonyesha kwamba vimejikusanya kukizunguka kitovu kilicho mbali na Jua. Ukubwa alioukadiria ulizidi mno, lakini hoja yake ilisimama: Jua liko umbali wa takriban miakanuru 26,000 kutoka kitovuni, katika sahani ya nyota yenye upana wa miakanuru 100,000 hivi.

Ramani kubwa kuliko zote imetokana na chombo Gaia cha Shirika la Anga za Juu la Ulaya, kilichorushwa Desemba 2013 na kupima anga hadi Januari 2025. Taarifa zake za mwaka 2022 zina nyota takriban bilioni 1.8, nazo ni sehemu ndogo tu ya nyota za galaksi, zinazokadiriwa kuzidi bilioni 100. Hata hivyo Gaia ilitumia nuru ya kawaida, na vumbi lililomzuia Herschel liliizuia pia. Mawimbi ya redio hupenya, na kwa mawimbi hayo wanafalaki walitangaza mwaka 2017 paralaksi ya eneo linalozaa nyota lililo upande wa pili wa kitovu, zaidi ya miakanuru 66,000 kutoka hapa.

Vipimo vya upande huo bado ni vichache. Kwa hiyo picha zinazoonyesha Njia Nyeupe kutoka juu, ikiwa na mikono iliyojipinda na alama inayosema Jua liko hapa, ni michoro iliyotengenezwa kwa vipimo na makadirio, kwani hakuna chombo kilichowahi kutoka nje ya galaksi na kuipiga picha; na vitabu vya shule vinavyozichapisha vingewatendea haki wanafunzi kama vingeonyesha waziwazi sehemu zilizopimwa na zile zilizokisiwa.