Alirudisha simu, jina likabaki

Masomo: Walawi 6:1-7, Luka 19:1-10

Mpwa wangu wa miaka 12 alikuja kwetu likizo na gemu yake ya Nintendo. Inaitwa Link's Awakening. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1993, ikatengenezwa upya mwaka 2019. Mchezaji huandika jina lake mwanzoni, kisha anakuwa kijana mwenye upanga aliyetupwa na bahari katika kisiwa cha Koholint. Wenyeji wa kisiwa humwita kwa jina hilo alilojiandikia.

Katika kijiji cha Mabe kuna duka, na dukani kuna upinde wa rupia 980, fedha nyingi kwa mtu anayeokota rupia moja moja vichakani. Mwenye duka humfuata mteja kwa macho. Lakini ukimzunguka haraka haraka, macho yake huchelewa, ukapata mwanya wa kutoka. Mpwa wangu aliligundua hilo siku ya pili. Akatoka na upinde, anacheka.

Kicheko hakikudumu. Tangu hapo waliokuwa wakimtaja kwa jina lake walianza kumwita Mwizi. Si mwenye duka tu, hata Marin, binti aliyemwokota ufukweni. Akarudi dukani, nadhani akifikiri mambo yamepoa (watoto!), mwenye duka akampiga kwa radi akafa. Kwenye gemu mtu hufa akafufuka, naye akafufuka. Jina likabaki lile lile. "Mjomba, si nimeshauawa? Mbona bado?" Tukatafuta namna ya kuurudisha ule upinde, au kuulipia. Haipo. Mwishowe alifuta kila kitu akaanza upya, akaandika jina lake tena, herufi moja moja.

Nikadhani nimepata mfano wa kuwafundishia vijana amri ile ya kutoiba. Nilipofungua Biblia kuandaa somo, nikakwama kwenye Walawi. Pale aliyechukua cha mwenzake hutakiwa kukirudisha kamili, aongeze sehemu ya tano, apeleke sadaka ya hatia, kisha anasamehewa. Deni lina kipimo, na lina mwisho. Aliyeiba kondoo na kumchinja au kumuuza, katika Kutoka 22, alilipa wanne kwa mmoja, nacho ndicho kipimo Zakayo alichojichagulia bila kusukumwa na hakimu. Tena angalieni majina katika habari ile. Watu wa Yeriko wananung'unika kwamba ni mwenye dhambi. Yesu anamwita Zakayo, akiwa bado juu ya mkuyu, kabla hajarudisha hata senti.

Hapo nikamkumbuka kijana mmoja wa usharika wetu. Miaka sita iliyopita aliiba simu ya mwanakwaya wakati wa mazoezi. Alikiri mbele ya wazee, akairudisha, akaomba radhi. Alizuiwa Meza ya Bwana kwa miezi mitatu, kisha akarudishwa kwa maombi. Lakini kwaya haijampokea tena, na ikipotea hata kalamu, macho yanageukia benchi la nyuma anakokaa. Anatajwa kama "yule wa simu". Wapo watoto wa Shule ya Jumapili wasiomjua kwa jina jingine.

Mimi ni mmoja wa wazee waliopokea toba yake. Nilimwekea mkono kichwani nikamwombea. Mwezi uliopita kanisa lilijaa, akaja kukaa karibu yangu. Nikamkaribisha kwa tabasamu. Tuliposimama kwa maombi, mkono wangu ukashuka, ukauvuta mkoba wangu katikati ya miguu yangu. Aliona. Hakusema kitu, alisogeza tu miguu yake kando, kunipa nafasi.

Leo nakwenda ibada ya kwanza, ambayo yeye husali. Nina deni la kumwomba radhi.