Mtandao wa ndani umezinduliwa, wa kuutunza hajateuliwa

Siku hizi ni nadra kukuta kampuni kubwa yenye matawi mikoani isiyo na mtandao wake wa ndani, au walau zabuni ya kuusimika. Benki, bima, hospitali binafsi, wasafirishaji na wenye viwanda wote wanataka mahali pamoja ambapo mfanyakazi wa Mtwara na wa Bukoba watakuta waraka uleule, fomu ileile na namba ya simu ya mtu wa kumuuliza. Kwa kampuni za programu hii ni biashara nzuri kwa sababu inalipa mara mbili: kwanza wakati wa kusimika, halafu kila mwaka kwa matengenezo. Swali ambalo wauzaji na wanunuzi wote hulikwepa ni mingapi kati ya mifumo hiyo inatumika kweli.

Mwenye kampuni ndogo ya programu jijini Dar es Salaam, aliyeomba jina lake lisitajwe kwa kuwa bado anawadai wateja, anasema kinachomtia hasara si ushindani. Ni wateja wanaonunua mfumo kabla ya kuamua nani atautunza. Anatoa mfano wa kampuni ya usambazaji wa bidhaa yenye maghala mikoani. Nyaraka za zabuni zilitaka kila kitu: jukwaa la mazungumzo, video, kalenda, maktaba ya nyaraka, hata ukurasa wa pongezi za siku za kuzaliwa. Hakukuwa na kifungu kinachosema nani ataandika. Alipouliza, kitengo cha TEHAMA kilimwelekeza kwa rasilimali watu, rasilimali watu wakamwelekeza kwa mawasiliano, na ofisa mawasiliano akamjibu kwamba kazi hiyo haimo katika majukumu yake. Mfumo ukazinduliwa hivyo hivyo, keki ikakatwa.

Aliporudi kwa matengenezo alikuta ukurasa wa mbele bado una salamu za Idi za mwaka uliotangulia. Orodha ya simu ilikuwa na majina ya watu walioacha kazi. Fomu ya likizo ilipakuliwa, ikachapwa, ikasainiwa, ikagongwa muhuri, ikapigwa skani, kisha ikarudishwa kwenye mfumo uleule kama picha. Mkuu wa idara alikuwa hajawahi kuingia hata mara moja. Nenosiri lake alikuwa nalo katibu muhtasi. Malipo ya awamu ya mwisho yakazuiwa kwa hoja kwamba mfumo hautumiki. Mfanyabiashara huyo anauliza yeye angewezaje kumlazimisha bosi wa mtu mwingine asome waraka. Sasa, anasema, hasaini mkataba usiotaja mhariri kwa cheo na saa zake za kazi, na amepoteza zabuni kwa sababu ya sharti hilo.

Madai yake mengine ni ya fedha. Programu nyingi zinazouzwa hapa ni za nje, na leseni hulipiwa kwa dola kwa kila mtumiaji. Uhaba wa dola wa mwaka 2023 na 2024 ulimkuta ameshawapa wateja bei ya shilingi. Kanuni za 2025 zinazokataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni zimemlinda mnunuzi, lakini mwenye leseni wa nje bado anataka dola zake, na pengo analibeba aliye katikati. Programu huria hazina ada hiyo, ingawa zinahitaji fundi anayezijua, na mafundi wa aina hiyo huhama haraka.

Wanunuzi nao wana lao, hasa kuhusu mafunzo ya nusu siku yanayoishia kwenye picha ya pamoja. Ni lalamiko la haki.

Kwa upande wa umma sauti ni ya matumaini zaidi. Ofisa mmoja wa taasisi ya umma anasema watumishi wake wameunganishwa kwa asilimia 100 na karatasi zinaelekea kwisha. Alipoulizwa wangapi waliingia kwenye mfumo mwezi uliopita, alisema takwimu hizo ziko kitengo kingine. Kuunganishwa, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kufunguliwa akaunti. Asilimia hiyo basi inapima kazi ya kitengo cha TEHAMA. Haituambii kama dokezo limeacha kupita masijala.

Mifumo inayodumu, kwa maelezo ya mafundi, huanza na mambo machache ambayo mfanyakazi hawezi kuyakwepa: hati ya mshahara, orodha ya simu, maombi ya likizo. Sheria ya ajira ya Tanzania inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka. Mahali pekee pa kuona salio lake pakiwa kwenye mtandao wa ndani, ataingia bila kuhimizwa. Dereva na mtunza ghala hawana kompyuta, kwa hiyo ukurasa lazima ufunguke kwenye simu ya kawaida na usimalize bando. Suala la seva ziko wapi nalo si dogo. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipokatika Mei 2024, mfumo uliowekwa nje ya nchi ulikuwa hatarini kutofikika, wakati ulio kwenye seva za hapa ulikuwa na nafasi ya kuendelea kupitia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano.

Jambo linalostahili hofu kubwa kuliko yote halimo kwenye zabuni nyingi. Mtandao wa ndani unapokufa, kazi huhamia kwenye makundi ya WhatsApp. Humo hutumwa barua za daktari, picha za vitambulisho na orodha za mishahara, na mtu akiacha kazi huondoka navyo mfukoni. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Ya Tanzania, ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Mfanyakazi ambaye ugonjwa wake umesomwa na idara nzima amedhulumiwa, na mwajiri hawezi kujitetea kwamba kundi lilianzishwa na wafanyakazi wenyewe.

Huenda sheria hizo zikaongeza wateja wa mitandao ya ndani. Wauzaji wanasema hivyo, na wana sababu ya kusema. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam hana hakika: anaona zabuni zikiongezeka kabla ya mwaka wa fedha wa serikali kuanza Julai, lakini bajeti za matengenezo bado ndizo zinazokatwa kwanza, na nafasi ya mhariri haijawa na mshahara wake.