Pigo la kichwa: walinzi wa ubongo wanafanya nini?

Ndugu mfanyakazi, jiwe limeanguka juu ya kaske yako. Damu haitoki. Unapangusa vumbi na kusema: «Si kitu, tuendelee.» Pole kwanza. Kaske imeokoa fuvu, lakini haizuii kabisa ubongo kutikisika, na ndani kazi imekwisha kuanza.

Ubongo unakumbuka, unasema na kuamuru mikono kwa njia ya chembe zinazoitwa neroni, zenye nyuzi ndefu za kupelekeana habari. Katikati yao wanakaa walinzi wadogo wenye matawi, mikroglia. Mganga wa Hispania, Pío del Río Hortega, aliwaeleza mwaka 1919. Watu walidhani wanalala mpaka ajali itokee. Mwaka 2005 wataalamu walitazama ubongo wa panya hai kwa mikroskopi, wakaona mikroglia wanatembeza matawi yao pande zote bila kupumzika, kama watu wa zamu ya usiku.

Kichwa kikipigwa, nyuzi za neroni zinavutika, nyingine zinakatika. Neroni iliyoumia inamwaga nje ATP, ndiyo nguvu yake ya kufanyia kazi. Mikroglia wakiisikia, katika dakika chache wananyoosha matawi, wanazunguka kidonda, wanakula takataka. Bila wao hatuponi vizuri.

Lakini wakikaa na hasira muda mrefu wanaharibu. Wanatoa vitu vikali vinavyoleta uvimbe, na wanaweza kula hata maungio ya neroni ambayo yangali mazima. Mwaka 2011, huko London, wataalamu waliwakuta wangali wameamka katika ubongo wa watu walioumia kichwa zamani, mmoja hata miaka 17 baada ya ajali. Na pigo la pili likija mapema? Kwa wanyama imeonekana wanajibu kwa ukali kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo mganga akikupa siku za kupumzika, si zawadi. Kapita naye asikusukume kurudi shimoni.

Pita dispanseri siku ileile. Usinywe bia, wala aspirini, kwani inaweza kuzidisha damu ndani ya kichwa. Mwambie bibi yako akuangalie usiku. Ukitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, maneno yakichanganyika, mkono ukilegea, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au ukiwa mgumu kuamshwa, akupeleke hospitali saa ileile, asingoje asubuhi.