Samaki Mwigaji wa Miamba ya Pwani

Kila mfugaji wa Kasikeu, katika Makueni, huwajua ndege wadogo watembeao juu ya mgongo wa ng'ombe wakidonoa kupe. Ng'ombe hawafukuzi, kwa kuwa kazi yao ina faida kwake. Baharini nako imo kazi ya namna hiyo, ila huko yuko mwigaji aitumiaye kuiba.

Katika miamba ya matumbawe ya pwani ya Kenya, kama ile ya Watamu na Malindi iliyowekwa chini ya hifadhi mwaka 1968, huishi samaki mwembamba wa rangi ya samawati, mwenye mstari mweusi ubavuni, na urefu wake wapata inchi 4. Hukaa mahali pake pale pale, akicheza ili aonekane. Chewa na samaki wengine wakubwa humwendea, wakatulia na kufumbua vinywa, naye huingia akala vidudu viwasumbuavyo. Chewa angeweza kummeza mara moja, lakini hamdhuru.

Mwigaji wake ni wa jamii ya bleni. Jamii hii ya samaki wadogo ina karibu aina 400 duniani, na mwaka 1959 Profesa J.L.B. Smith wa Afrika Kusini alitoa maandishi juu ya wale wa magharibi ya Bahari ya Hindi. Wengi wao ni wapole. Hula mwani juu ya mawe, na madume hulinda mayai. Lakini huyu ana rangi ile ile, mstari ule ule, hata mchezo ule ule. Samaki mkubwa ajapo kusafishwa, hung'atwa kipande cha pezi, na mwizi amekwisha kimbia. Wizi huo si chakula chake chote, maana hula pia minyoo na mayai ya samaki. Na sura ile ya kuazima humkinga asiliwe.

Je, hutambulikanaje? Kwa kinywa. Cha msafishaji wa kweli kiko nchani mwa pua. Cha mwigaji kiko chini yake, nacho kimeficha meno mawili marefu. Samaki wazee waliokwisha kung'atwa hujihadhari. Wachanga ndio wadanganywao zaidi.

Hata hivyo hila hii ina mpaka. Waigaji hawana budi kuwa wachache kuliko wasafishaji. Wakizidi, samaki humwogopa kila mwenye mstari. Mwizi hukosa windo, na mtenda kazi wa kweli hukosa wa kumsafisha. Sokoni nako ni vivyo hivyo: kibaba kimoja cha udanganyifu huwatia wauzaji wote mashakani.