Mbwa anaua kuku? Weka fimbo chini kwanza

Leo tuiweke pembeni mbolea na chanjo ya mdondo, tuzungumzie mbwa. Mradi wa kuku bila mbwa ni kumkaribisha kicheche na mwizi, hilo wote tunalijua. Ila mbwa asiyefundishwa anaweza kukutia hasara kuliko hao wawili.

Kijana mmoja anayefuga chotara alinipigia simu: "Bwana shamba, jana usiku kaua tetea 11. Nimempiga mpaka mkono unauma, nikamfunga kuku mfu shingoni mchana kutwa. Huyu namuua tu." Tetea wenyewe walikuwa wamebakiza wiki chache waanze kutaga, kwa hiyo hasira zake nilizielewa kabisa. Nikamuuliza, mdogo wangu, ulimpiga saa ngapi? Saa moja asubuhi. Na kuku aliwaua saa ngapi? Akanyamaza kidogo. "Sijui, usiku." Nikamuuliza tena, ulimpataje ukampiga? "Nilimuita, akaja anatingisha mkia."

Shida yote iko hapo. Mbwa huunganisha tendo lake na kile kinachofuata papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili. Ya usiku yameshapita. Alichojifunza yule mbwa asubuhi ile ni kwamba akiitwa akaja, anapigwa. Sasa siku ukimuona anamkimbiza jogoo ukapiga kelele "njoo!", atakuja vipi? Breki umeshaikata mwenyewe.

Najua utaniambia, "Lakini anajua kosa lake, anaficha mkia na kuinamisha kichwa." Mtafiti mmoja wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilipima jambo hilo mwaka 2009. Aligundua kwamba mbwa anaonyesha ile sura ya "nimekosa" pale mwenye mbwa anapomgombeza, hata kama hakufanya kosa lolote. Yaani anasoma uso wako na sauti yako. Anaogopa, hatubu.

Sasa tufanyeje? Anza na neno moja tu: njoo. Mfundishe kabla hajala, maana mbwa aliyeshiba hana haraka na mtu. Chukua dagaa wachache mkononi, rudi hatua tatu, mwite jina lake na "njoo" kwa sauti ya kawaida. Akifika, mpe dagaa hapohapo, si baada ya kumalizana na simu. Dakika 5 zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku. Akichoka, acha. Na nyumba nzima mtumie neno lilelile. Wewe ukisema "njoo", kijana wa kazi "hapa", mama "we mbwa", mnamchanganya bure. Halafu usimuite kamwe kwa ajili ya kumwadhibu. Kama unataka kumfungia, mfuate alipo.

Akishaijua "njoo", ndiyo mwende kwa kuku, naye akiwa kwenye kamba ya mita tatu au nne. Simameni mbali na banda, pale anapowaona kuku lakini hajaanza kuvuta wala kukaza macho. Akigeuza macho akakutazama wewe, dagaa. Akivuta, usimtandike, mko karibu mno tu, rudini nyuma. Kesho sogeeni kidogo. Kuna mbwa atamaliza kazi hii kwa wiki mbili, mwingine miezi. Na kwa muda wote huo asiachwe na kuku peke yake hata dakika moja, kwa sababu kila kuku anayemkimbiza ni raha kwake, na raha ni mwalimu mkubwa kuliko dagaa zako. Usiku mweke upande wa nje wa uzio wa banda.

Aliyekwishazoea kuua anafundishika, lakini mimi singemwamini bila uzio maisha yake yote.

Rahisi zaidi ni kuanza na mtoto wa mbwa. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, atakachokiona kila siku bila kutishwa atakihesabu kuwa cha nyumbani. Kule Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa kulinda mbuzi na kondoo dhidi ya duma tangu mwaka 1994, na wanawaweka na mifugo wakiwa bado wadogo. Mbwa akikua anaona mbuzi ni wenzake.

Kuna hii tabia ya kumfunga mnyororo mchana kutwa eti awe mkali. Atakuwa mkali kweli, kwa mteja aliyefuata trei za mayai na kwa daktari wa mifugo. Wewe unafanya biashara, watu lazima waingie getini. Mlinzi mzuri anabweka, anakusubiri uje, na ukimwambia basi, anaacha.

La mwisho halina mjadala. Mbwa achanjwe kichaa akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Usimpe kichwa kibichi cha mbuzi au kondoo, maana humo anapata minyoo inayorudi kwa mifugo wako kama kizunguzungu. Na akimng'ata mtu, oshani kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, hakuna dawa ya kumponya.