Kujua Asili ya Maji ya Kisima

Mto Katuma hupungua sana wakati wa kiangazi, na wanachama wengi wilayani Mpanda hutazamia visima. Kabla chama hakijatoa fedha za kuchimba, yafaa kuuliza: je, maji ya chini yatoka mtoni, au ni mvua iliyozama ardhini? Maji yenyewe yana jibu.

Katika kila atomu 500 hivi za oksijeni, moja ni nzito kuliko nyingine. Wataalamu huziita aisotopu. Jua linapopiga bwawa au majaruba, maji mepesi hutangulia kuwa mvuke, na mazito hubaki. Kwa hiyo maji yaliyokaa juani hubeba alama ambayo mvua iliyozama upesi haina. Alama hiyo haipotei ardhini, isipokuwa maji yakichanganyika na mengine.

Njia hii ilitumika katika Ziwa Chala, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1970 yalionyesha kwamba ziwa hilo silo chanzo kikuu cha chemchemi za jirani.

Kisima kinacholishwa na mto hupungua pamoja na mto. Kinacholishwa na mvua huhitaji ulinzi wa vilima na misitu.

Katibu akiombwa sampuli, achukue ya kisima, ya mto na ya mvua, masika na kiangazi. Chupa ijae hadi mdomoni, ifungwe barabara, na iandikwe mahali, kina na tarehe. Chupa iliyoachwa wazi hutoa jibu la uongo.